Jina la mjomba kwenye nafasi ya baba: kisa cha mwombaji mmoja wa mkopo wa elimu ya juu, Tanga

Binti ninayeandika habari zake alimaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, akapata daraja la pili, akadahiliwa kusoma Shahada ya Sanaa na Elimu katika chuo kikuu kimoja cha umma jijini Dar es Salaam. Nilimfundisha Kiswahili kwa miaka miwili na nyumbani kwao napafahamu. Mama yake ni mjane anayekaanga samaki na kuwauza jioni karibu na Soko la Mgandini. Baba yake, mvuvi wa Moa, alifariki katika Hospitali ya Bombo wakati binti ana miaka minne na mdogo wake hajaanza kutembea. Wanaishi Ngamiani, katika vyumba viwili vya nyumba ya bibi yao mzaa mama. Kwa kipimo chochote ambacho jirani angekitumia, huyu alikuwa wa kwanza kustahili mkopo. Majina ya awamu ya kwanza yakatoka, hakuwamo. Ya pili yakatoka, hakuwamo. Ya tatu pia hakuwamo, na chuo kilikuwa karibu kufunguliwa.

Alikuja kwangu jioni moja, akanipa shikamoo, akabaki amesimama barazani. Nilipomkaribisha kiti aliuliza, “Mwalimu, kwani wanataka tuwe maskini kiasi gani?” Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie nakala ya fomu aliyoiwasilisha, na usiku ule nikaisoma ukurasa kwa ukurasa. Nimeandika kisa hiki kwa ridhaa ya familia, bila kutaja jina la mtu yeyote, kwa kuwa niliyoyakuta kwenye fomu ile yanaweza kukutwa katika nyumba nyingi za mwambao huu, na kwa kuwa yanarekebishika yakigunduliwa mapema.

Yapasa kwanza nieleze fomu yenyewe inataka nini. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka 2005. Mwombaji hulipa ada ya maombi ya shilingi 30,000, hujisajili katika OLAMS, mfumo wa maombi wa mtandaoni wa Bodi, kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na majina yake huingia kama yalivyoandikwa na Baraza la Mitihani. Huambatisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi huambatisha cheti cha kifo, nacho kiwe kimehakikiwa. Mwenye ulemavu huleta uthibitisho wa daktari. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili huleta barua ya mfadhili huyo. Anayetoka katika kaya inayonufaika na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huonesha hivyo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hutia sahihi na kugonga muhuri, kamishna wa viapo naye hufanya vivyo hivyo, na mdhamini hujaza taarifa zake na kuweka picha. Zamani bahasha ilitumwa kwa EMS, huduma ya posta ya haraka. Siku hizi kurasa zenye sahihi hupakiwa kwenye mfumo. Kila mstari wa fomu hiyo ni swali ambalo familia zetu zimezoea kulijibu kwa mdomo, tena mbele ya watu wanaozijua, na sasa linataka kujibiwa kwa karatasi mbele ya mtu asiyezijua.

Kwenye fomu ya binti huyu, nafasi ya baba ilikuwa na jina la mjomba wake. Palipoulizwa kama baba yu hai, palijazwa kuwa yu hai. Palipoulizwa kazi ya baba, paliandikwa mwajiriwa, bandarini. Nilirudia kusoma mara tatu nikidhani nimekosea ukurasa. Mtoto yatima wa muuza samaki alikuwa amejieleza, kwa sahihi yake mwenyewe, kuwa ni mtoto wa mwajiriwa mwenye mshahara wa kila mwezi na ambaye wazazi wake wote wawili wako hai. Msomaji yeyote wa fomu ile, awe na huruma kiasi gani, angempitisha kando na kumpa nafasi mwingine.

Namna jina lilivyoingia

Habari hii ina miaka kumi na mitatu. Binti alipofikisha umri wa kuanza darasa la kwanza hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mama yake alikuwa bado hajasimama vizuri tangu msiba. Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa akinunua unga na mafuta ya taa ya nyumba ile, aliomba ruhusa kazini asubuhi moja, akamshika mtoto mkono, wakaenda shuleni. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha akauliza jina la baba, na mjomba akataja lake. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kusita: “Mtoto wa dada yangu asikae darasani na nafasi tupu penye jina la baba.” Sisi tuliolelewa pwani tunajua kwamba mjomba ni mama wa kiume, na kwamba kauli ile ilitoka katika mapenzi matupu. Simlaumu. Yeye ndiye aliyenunua sare, daftari na viatu hadi kidato cha sita, huku akiwa na watoto wake wanne.

Jina lile likaenda darasa la saba, likaenda kidato cha nne, likapigwa chapa kwenye cheti cha Baraza la Mitihani, na kutoka hapo halibanduki, kwa sababu Baraza halibadilishi majina kwenye cheti baada ya mtihani. Wakati huohuo mama, alipopata nafuu, alikwenda kumwandikisha kwa kuchelewa na kumkatia cheti cha kuzaliwa, akaandika jina la mumewe, kama ilivyo haki. Kwa miaka yote hiyo binti alikuwa na karatasi mbili zenye baba wawili, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuziweka karatasi hizo pamoja mezani.

Sababu ilikuja alipokuwa mbali. Baada ya mtihani wa mwezi Mei alichaguliwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, katika kambi ya mkoa mwingine, na dirisha la maombi ya mkopo likafunguliwa akiwa huko. Simu kambini ni kwa nadra na kwa dakika chache. Mama alibeba vyeti akaenda kwenye steshenari moja mjini, mahali ambapo watu hutoa nakala, huchapisha barua za kazi na kujaziwa maombi ya mtandaoni. Kijana wa pale alifungua mfumo, akaona majina yaliyoingia hayalingani na jina la baba lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Akaona pia kwamba akieleza kuwa baba amefariki atatakiwa kuonesha cheti cha kifo, na mama hakuwa nacho. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Akachagua njia iliyopitika: akaandika jina la mjomba penye baba, akajaza kuwa yu hai, akauliza anafanya kazi gani. Mama, ambaye kusoma kwake ni kwa taabu, alijibu swali moja tu, la kazi ya huyo mtu mwenye jina lile, na akajibu kweli.

Mwenyekiti wa mtaa alitia sahihi na muhuri bila kusoma. Binti alirudi likizo fupi, akaweka sahihi yake chini ya kurasa zilizokwisha kuchapishwa, naye bila kusoma, kwa kuwa gari la kurudi kambini lilikuwa linaondoka alfajiri. Hivyo uongo ule uliandikwa bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Nalisisitiza hili kwa sababu baadaye lilitusaidia kuamua namna ya kuandika rufaa.

Kopo la biskuti

Siku ya pili nilikwenda Ngamiani. Mama alitoa uvunguni kopo la biskuti lililoota kutu kwenye ukingo, na ndani yake karatasi zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Tukazitandaza mkekani: kadi za kliniki za watoto wote wawili, leseni ya uvuvi ya marehemu, risiti ya injini ya boti, na karatasi moja nyembamba iliyokunjwa mara nne, ambayo kwenye mikunjo wino ulikuwa umefutika kabisa, ila tarehe na muhuri vilisomeka. Mama aliishika kwa ncha za vidole akanikabidhi. “Hii ndiyo niliyopewa siku ile, mwalimu. Cheti chake cha kifo.”

Ilikuwa kibali cha mazishi. Kwa miaka kumi na sita alikuwa ameihifadhi akiamini kuwa ndicho cheti chenyewe. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, lakini nani katika nyumba ya msiba aliwahi kumwambia mjane aliye edani kwamba kuna safari nyingine ya kwenda ofisini baada ya kuzika? Maiti hupelekwa nyumbani, huoshwa, husaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo au kesho yake. Anayeshughulikia karatasi huwa ni kijana wa ukoo aliyetumwa mbio, na kazi yake ni kupata ruhusa ya kutoa maiti na kuzika. Akiipata, kazi imekwisha. Cheti cha kifo hutafutwa pale tu penye mirathi, pensheni au akaunti ya benki, na mvuvi huyu hakuacha hata kimoja katika hivyo.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la binti. Umaskini wao ulikuwa unatosha na kubaki. Kilichokosekana ni karatasi mbili: moja ya kusema kwamba baba amekufa, na nyingine ya kusema kwamba msichana wa cheti cha kidato cha nne na mtoto wa cheti cha kuzaliwa ni mtu mmoja.

Karatasi ya kwanza ilipatikana kwa miguu. Usajili wa kifo uliochelewa hufanyika katika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambako pia vyeti vya kuzaliwa hushughulikiwa. Tulipeleka kibali cha mazishi, barua ya serikali ya mtaa na maelezo ya mashahidi. Baba mkubwa wa binti alitoka Moa kwa basi la asubuhi kuja kueleza kwamba marehemu ni ndugu yake na kwamba yeye mwenyewe alishuka kaburini. Cheti kilipotoka, tukaomba kihakikiwe na RITA.

Karatasi ya pili ilileta mjadala mgumu kuliko wote, na hapo mwenyewe nilibadili mawazo. Mwanzoni niliona njia ya haki ni binti arudi kwenye jina la baba yake. Nilipokaa na wakili nikaelewa uzito wa jambo lile. Baraza la Mitihani halitabadili cheti. Chuo kinamsajili kwa jina la cheti. Siku akiomba ajira ya ualimu atatakiwa kuonesha cheti kilekile, na kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki na michango ya pensheni vyote vitafuata jina hilo. Akilikataa jina la mjomba leo, atakuwa anaeleza tofauti ya majina kwa kila mwajiri hadi anastaafu. Njia nyepesi ni hati ya kubadili jina, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, inayotamka kwamba aliyezaliwa kwa jina lile sasa anatumia jina hili. Undugu wake na marehemu unabaki kwenye cheti cha kuzaliwa, na hati hiyo ndiyo daraja kati ya vyeti viwili.

Nililieleza hili barazani kwao, mama akiwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi ambacho alikuwa amemaliza kukunia nazi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Basi mume wangu atakuwa amekufa mara mbili.” Mjomba aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima yule akitamani kuwa asubuhi ile ya darasa la kwanza angekaa kimya. Binti ndiye aliyevunja ukimya, akasema kwamba jina la baba yake analo kwenye cheti cha kuzaliwa na analo kwenye dua, na kwamba la mjomba lilimlisha. Hati iliandikwa.

Fedha za kungojea

Wakati karatasi zinatafutwa, chuo kilikuwa kimefunguliwa na kulikuwa na uamuzi wa kufanya: aahirishe mwaka au aende? Mjomba alitaka aahirishe. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua kuhesabu. Nilishauri aende, kwa sababu mwanafunzi anayeendelea na masomo ambaye hakupata mkopo mwaka wa kwanza bado anaweza kuomba mwaka unaofuata, mradi amefaulu mitihani yake, ilhali aliyebaki nyumbani hujikuta ameshachukuliwa na shughuli nyingine. Nimeona wanafunzi wangu waliobaki “mwaka mmoja tu.” Lakini ushauri wa kwenda ni rahisi kwa mtu asiyelipa, na hilo nililikiri mbele yao.

Ada ya programu ile ni milioni moja na ushei kwa mwaka, na chuo kinaruhusu ilipwe kwa mafungu. Juu yake kuna bima ya afya ya mwanafunzi shilingi 50,400, ada ya udhibiti ubora shilingi 20,000, na michango midogo midogo ambayo kwa pamoja si midogo. Mjomba alikopa kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya kazini akalipa fungu la kwanza la ada. Mama alikuwa kwenye mchezo wa wanawake wa sokoni, wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, na zamu yake ilikuwa ya tisa. Kijumbe wa mchezo aliwaita wenzake, wakakubali kumsogeza hadi zamu ya pili. Nasimama hapa kidogo, maana jambo hili lisingeandikwa popote. Wanawake saba aliowapita, wenye shida zao na watoto wao, waliuachia mtaji wao usubiri zamu moja zaidi kwa neno moja la “mtoto anakwenda chuo.” Waliikata hukumu yao kwa kumjua mtu. Fedha hizo zilimtosha nauli kutoka stendi ya Kange, godoro, ndoo na chakula cha wiki tano, na baada ya hapo alikula mlo mmoja kwa siku. Hilo la mlo mmoja hakumwambia mama yake. Aliniambia mimi, nami nilinyamaza nalo, na hadi leo sijui kama nilifanya vizuri.

Watu waliniuliza kuhusu ufadhili, yaani fedha zisizorudishwa. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, ni kwa wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kidato cha sita katika tahasusi za sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, elimu tiba na hisabati. Hata kwenye mikopo, ualimu wa sayansi na hisabati umepewa kipaumbele kuliko ualimu wa masomo ya sanaa. Sipingi sababu yake. Shule zetu zina uhaba mkubwa wa walimu wa fizikia na hisabati, na nimewahi kufanya kazi katika shule ambayo mwalimu wa hisabati alikuwa mmoja kwa vidato vyote. Ninachotaka kijulikane ni kwamba mlango huo hufungwa mapema, mwanafunzi anapochagua tahasusi akiwa na miaka kumi na saba, na kwamba hakuna aliyemwambia binti huyu, nami nikiwemo, kwamba kuchagua HKL ni uamuzi wa fedha pia. Angejua bado angechagua Kiswahili, nina hakika. Lakini angeanza kukusanya karatasi zake miaka miwili mapema.

Rufaa

Familia iliogopa rufaa kuliko ilivyoogopa kukosa mkopo. Fomu yenyewe humwonya mwombaji kwamba kutoa taarifa za uongo ni kosa, na mjomba alihofia kazi yake. Jirani mmoja alishauri tuambatishe cheti cha kifo bila kueleza chochote, “wataelewa wenyewe.” Nilikataa kabisa. Fomu ya kwanza ilisema baba ni fulani na yu hai. Rufaa ingesema baba ni mwingine na amekufa. Mtu anayeziona karatasi hizo mbili bila maelezo ana haki ya kudhani kwamba familia imemtafuta marehemu wa kumtumia.

Barua ya maelezo aliiandika binti mwenyewe, ukurasa mmoja. Nilikataa kumwandikia, ila nilimsomea rasimu tatu. Ya kwanza ilikuwa imejaa kilio: mama anavyoamka usiku, macho yanavyomuuma kwa moshi wa kukaangia, mvua inavyovuja. Yote ni kweli, lakini nilimwomba ayatoe, kwa sababu hakuna hata moja katika hayo lililokuwa na kithibitisho, na yaliyokuwa na vithibitisho yalikuwa yamezama humo. Barua ya mwisho ilieleza kwa utaratibu: kwamba mtu aliyeandikwa kama baba ni mjomba na mlezi, kwamba kosa lilitokea fomu ilipojazwa na mtu mwingine yeye akiwa JKT, na kwamba alitia sahihi bila kusoma na anakiri, kwamba baba mzazi ni huyu, alifariki tarehe hii, na cheti ni hiki, kwamba tofauti ya majina inaelezwa na hati hii, kwamba mjomba amekula kiapo kuthibitisha ulezi. Kila kauli ilikuwa na kiambatisho chake chenye namba. Mjomba alisoma hati ya kiapo kwa sauti kabla ya kuitia sahihi mbele ya wakili, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Vyote vilipakiwa siku mbili kabla ya dirisha la rufaa kufungwa. Majina yalipotoka, alikuwamo. Alipangiwa chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, na sehemu ya ada. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, nayo hutolewa kwa mafungu ya takribani siku 60, ambayo wanafunzi huyaita bumu. Aliposaini bumu la kwanza lilikuwa shilingi 600,000. Mama yake, siku ambayo samaki ni wengi na wateja ni wengi, hupata faida ya elfu nane.

Kwenye taarifa zilizorekebishwa jina la mjomba bado lipo. Limetoka kwenye nafasi ya baba, likaingia kwenye nafasi ya mdhamini.

Nilikaa na binti kumweleza kuhusu marejesho, kwa sababu furaha ya mkopo huwasahaulisha vijana kwamba ni deni. Akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara kila mwezi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa 8%. Tozo ya 6% ya kutunza thamani, iliyokuwa ikilivimbisha deni kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021, na hilo ni nafuu kubwa kwa mwalimu ambaye huenda akangoja ajira kwa muda mrefu baada ya kuhitimu. Nilimwambia atunze kila karatasi ya mkopo, kuanzia ya kwanza. Akacheka, akasema ameshanunua faili la plastiki.

Kwa mwanafunzi wa ualimu kipengele cha mafunzo kwa vitendo si cha kupuuzwa. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza aliomba kufanya mazoezi ya kufundisha hapa Tanga, akapangiwa shule ya sekondari ambayo ni mwendo wa baiskeli kutoka nyumbani. Kwa kuwa alilala kwa bibi yake, fedha ya mafunzo hakuitumia kwa chumba. Alipunguza deni la SACCOS la mjomba, ingawa mjomba hakutaka kuzipokea na ilibidi mama aingilie. Nilimtembelea siku moja darasani. Alikuwa anafundisha ngeli kwa kidato cha kwanza, na andalio lake la somo lilikuwa safi kuliko mengi ninayoyaona kwa walimu wa siku nyingi. Sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia bado inalipwa kwa samaki na kwa mchezo.

Yupo mdogo wake wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Naye aliandikishwa na mjomba, asubuhi ya namna ileile, kwa jina lilelile. Tofauti ni kwamba mtihani wake wa kidato cha nne ulikuwa bado, na usajili wa watahiniwa hufanyika mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, kupitia kwa mkuu wa shule. Kabla shule hazijafungwa mwezi Desemba, mjomba aliomba tena ruhusa kazini, akachukua cheti cha kuzaliwa cha kijana na nakala ya cheti cha kifo cha shemeji yake, akaenda kwa mkuu wa shule kuomba jina lirekebishwe. Mkuu wa shule alimuuliza yeye ni nani kwa mtoto.

“Mjomba wake,” akajibu.